Siku na Mwezi, Mwaka Hapana

Mwaka 2003 nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Machakos, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mlango wa darasa ukiachwa wazi, harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda ngazi ikaja kukaa nasi. Wanafunzi walizoea, nami nikazoea. Nilikuwa nimesomea Nairobi namna ya kutengeneza programu, kisha kazi ya Nairobi ikakosekana nikarudi nyumbani. Watu walinionea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Jioni nilitembea hadi kwa wazazi wangu, upande wa Mumbuni, nikakuta chakula tayari.

Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kazi hiyo aliipenda kuliko ushonaji, uliokuwa ndio kazi yake hasa. Kanisani kwetu kulikuwa na desturi: kila Jumapili, kabla ya matangazo, waliokuwa na siku ya kuzaliwa wiki hiyo waliitwa mbele, wakaimbiwa na kuombewa. Shida ni kwamba waliitwa wale tu waliokumbukwa. Mwaka ule mzee mmoja wa kwaya alisahaulika, akakaa Jumapili mbili bila kuimba. Hakusema amekasirika, alikaa tu amefumba mdomo huku wenzake wakiimba.

Mama akarudi nyumbani na wazo.

"Mwaitu," akaniambia. Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu, na Mama huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Hiyo kompyuta yako inaweza kukumbuka watu?"

"Inaweza."

"Wote?"

"Wote, Mama. Hata ikizimwa."

"Basi tutengenezee kitu. Kila Jumapili itutolee karatasi, iseme fulani na fulani wamezaliwa wiki hii. Hakuna mtu atakasirika tena."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tangu nirudi nilikuwa nafundisha watu kupiga chapa na kupanga barua, na hakuna aliyekuwa ameniomba nitengeneze kitu. Jumapili iliyofuata nilikaa nje ya kanisa baada ya ibada, penye kivuli, akina mama wakaja mmoja mmoja kunipa tarehe zao, na baada yao wanaume.

Wa kwanza alinipa siku na mwezi, kisha akageuka kwenda zake.

"Na mwaka?" nikamuuliza.

"Mwaka wa nini?"

"Wa kuzaliwa."

Akanitazama kama niliyemwomba anionyeshe meno. "Siku nimekupa, mwezi nimekupa. Mwaka hapana."

Wa pili alisema hivyo hivyo. Wa tatu alisema mwaka haujui, na mama yake aliyeujua alishaenda. Wa nne aliujua vizuri, ila alikuwa amemwambia mume wake mwaka mwingine na hakutaka kanisa lije kuwagombanisha. Nilipofika kwa Mama mwenyewe, aliyekuwa amenituma, akanijibu kwa sauti ambayo wote walisikia: "Niandike kama wenzangu."

Niliona si neno. Siku na mwezi vilitosha kwa kazi tuliyokuwa tunaitaka. Nilikuwa sijajua bado kwamba kompyuta haitakubaliana na mimi.

Programu niliyokuwa nayo chuoni ilikuwa na kisanduku maalum cha tarehe, na kisanduku hicho hakikujua tarehe isiyo na mwaka ni kitu gani. Ukiandika tarehe kumi na nne mwezi wa nane ukaachia hapo, haikulalamika. Ilijaza mwaka yenyewe, kimyakimya, na mwaka iliojaza ni ule tuliokuwa nao. Mimi sikuliona hilo, maana nilikuwa na haraka ya kuonyesha ufundi. Nikaongeza safu ya umri, ambayo hakuna aliyeniomba, nikapiga karatasi ya kwanza kwa ile printa ya sindano iliyolia kama cherehani ya Mama, nikaikunja nikampelekea.

Jumapili hiyo ya Agosti Mama alisimama mbele na kitambaa chake cha rangi ya samli, akavaa miwani, akasoma jina la mama mmoja mnene mpole aliyekuwa akiuza mapazia ya mitumba sokoni. Ngoja, si yeye. Huyo wa mapazia alikuja baadaye. Aliyesomwa siku hiyo alikuwa jirani yetu, mama wa makamo aliyekuwa na wajukuu.

"Anatimiza..." Mama akasogeza karatasi karibu na macho. Akaisogeza mbali. Mama hakuwa mtu wa kuruka kilichoandikwa. "Anatimiza miaka sifuri."

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mchungaji alijishika kwenye mimbari. Mimi nilitafuta pa kuingia nikapakosa. Lakini jirani yetu alisimama, akapanga khanga yake, akaenda mbele akicheza mabega.

"Mnacheka nini?" akasema. "Si kila Jumapili mnatuambia tuzaliwe upya? Mimi nimezaliwa!"

Aliimbiwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuimbiwa pale. Hadi leo, nikikutana naye mjini, ananiuliza ana miaka mingapi sasa.

Safu ya umri niliiondoa siku hiyo hiyo. Lakini jambo lenyewe lilikuwa bado lipo ndani: watu wazima wote wa kanisa letu walikuwa wameandikwa kwamba wamezaliwa mwaka ule. Nikajiambia maadamu mwaka hauonekani kwenye karatasi, hauna madhara. Ndipo akaja yule mama wa mapazia.

Alikuwa mjane mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, na kibanda chake sokoni kilijulikana kwa sababu mapazia yaliyotundikwa mbele yalimficha, ukasikia tu mtu anakuita jina. Alinipa tarehe yake akiwa anatabasamu, kama anayenipa kitendawili.

"Ishirini na tisa, mwezi wa pili."

"Februari ishirini na tisa?"

"Ndiyo hiyo. Niandike vizuri, miaka mingi napitwa."

Nilirudi chuoni nikaiandika. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikabadilisha nilichoandika mbele ya macho yangu. Mwaka ule Februari ilikuwa na siku ishirini na nane, kwa hiyo mashine iliona siku ya ishirini na tisa haipo. Badala ya kuniambia haipo, ilitafuta maana nyingine. Ikachukua ile ishirini na tisa ikaifanya mwaka. Kwenye skrini pakasomeka kwamba mama wa mapazia amezaliwa tarehe mosi Februari, mwaka 2029.

Nilicheka peke yangu hadi mwanafunzi akaja kuchungulia. Mjane mwenye watoto waliooa, na mashine inasema bado hajazaliwa.

Nikajaribu kumpa mwaka wa uongo, mwaka 1900, nikidhani kwa kuwa unagawanyika kwa nne utakuwa na siku hiyo. Ikakataa katakata. Nilikwenda kwa mwalimu mwenzangu wa hesabu, akaniambia miaka ya kukata karne haina siku hiyo, isipokuwa ile inayogawanyika kwa mia nne. Basi ningeweza kumwandika mwaka 2000, nao ungekubaliwa. Nikaweka vidole kwenye kibodi, kisha nikaviondoa. Nilimfikiria yule mama akinitajia tarehe yake kwa furaha. Alikuwa amenipa vitu viwili vya kweli, nami nilikuwa nazunguka kutafuta uongo wa tatu wa kuviambatanisha. Wote walikuwa wamenipa vitu viwili. Kwa nini nilikuwa naendelea kutumia kisanduku kinachotaka vitatu?

Nikakifuta. Mahali pake nikaweka visanduku viwili vya namba za kawaida, kimoja cha siku na kimoja cha mwezi, nikaandika masharti yangu mwenyewe: mwezi usizidi kumi na mbili, siku isizidi zile ambazo mwezi unaweza kuwa nazo, na Februari iruhusiwe kufika ishirini na tisa bila kuulizwa swali. Ilikuwa kazi ndogo. Nilijisikia kama mtu aliyehangaika na mlango akagundua unavutwa, hausukumwi.

Likabaki swali moja ambalo sikuweza kujibu mwenyewe. Miaka isiyo na tarehe ishirini na tisa, huyu mama aitwe lini? Nikaenda sokoni kumuuliza. Mkono ulitokea kati ya mapazia mawili ukanivuta ndani.

"Mwaka ambao hauna hiyo siku," nikamweleza, "nikuweke ishirini na nane ama nikuweke Machi mosi?"

Akafikiri kwa makini, akikunja pazia la maua mapajani.

"Wengine wanasema Machi," akasema. "Lakini mimi ni mtoto wa Februari. Nikienda Machi nitakuwa mgeni. Niweke ishirini na nane."

"Sawa."

"Na mwaka ambao siku yangu iko, usiniite ishirini na nane. Uniite siku yangu."

"Nitakuita siku yako."

"Haya. Sasa chukua hili pazia umpelekee mama yako, mwambie ni la dirisha la sebuleni, nimeliona halina kitu."

Miezi iliyofuata ilikwenda vizuri. Kila Jumamosi mchana nilipiga karatasi, Mama akaisoma kesho yake, na yule mzee wa kwaya alipoitwa siku yake aliimba sauti ya chini mpaka viti vikatetemeka. Kujua ni nani wa wiki hiyo nilitumia njia rahisi. Mwezi na siku niliviunganisha vikawa namba moja: Agosti kumi na nne ikawa 814, Oktoba mbili ikawa 1002. Kisha programu ilichukua namba ya Jumapili na namba ya Jumamosi inayofuata, ikatoa wote walio katikati. Niliipenda njia hiyo. Niliwafundisha hata wanafunzi wangu.

Jumapili ya mwisho ya Desemba kanisa lilijaa, maana watu walikuwa wamekuja kwa Krismasi kutoka Nairobi, kutoka Mombasa, kutoka kila mahali. Susu naye, yaani nyanya yangu, mama yake Mama, alikuwa amekuja kutoka kwake Ndithini, na alikaa kiti cha mbele na kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Mimi sikuwa nimeitazama karatasi, nilikuwa nimeikunja tu. Mama akaifungua, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Wiki hii," akatangaza, "hakuna aliyezaliwa."

Kukawa na minong'ono. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akainua fimbo.

"Mwenyekiti, na sisi wa Januari mosi tumekufa?"

Ndipo nikakumbuka. Wazee wetu wengi, walipokwenda zamani kuandikishwa kitambulisho, waliulizwa siku ya kuzaliwa wakasema hawaijui, na karani akawaandikia Januari mosi. Wiki ile ilikuwa na watu wengi kuliko wiki yoyote ya mwaka, na mashine yangu ilikuwa imewameza wote. Nilijua sababu nikiwa bado nimekaa kwenye kiti. Jumapili ile ilikuwa 1228, na Jumamosi yake, Januari tatu, ilikuwa 103. Nilikuwa nimeiambia programu itafute watu waliozidi namba kubwa na wakati huo huo wako chini ya namba ndogo. Hakuna mtu kama huyo duniani.

"Simameni wenyewe!" Mchungaji akasema, akicheka. "Wa Januari mosi wote, simameni!"

Walisimama kama shamba la mahindi. Viti vizima viliinuka, wazee na akina nyanya, wakaangaliana na wao wenyewe wakaanza kucheka, maana kila mmoja alijua namna mwenzake alivyoipata tarehe hiyo. Waliimbiwa wakiwa wamesimama walipo, mbele pasingewatosha.

Susu peke yake hakusimama. Nilikijua kitambulisho chake, na kilisema Januari mosi kama cha wengine.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, huku nikimpa chai.

"Susu, mbona ulikaa?"

"Hiyo siku si yangu. Ni ya karani."

"Yako ni gani?"

"Mimi nilizaliwa wakati wa mbaazi mbichi. Mama yangu alikuwa anachuma mbaazi, akaacha kikapu shambani, akaja akanizaa, mtu mwingine akaenda kuchukua kikapu." Akanywa chai. "Niandike hapo. Siku mbaazi za kwanza zinapikwa."

Nilimweleza kwamba mbaazi haziivi siku moja kila mwaka, mvua ikichelewa nazo zinachelewa, na kompyuta haiwezi kwenda Ndithini kuzichungulia. Alinisikiliza kwa upole mwingi.

"Basi wewe ndiye unaenda," akasema. "Chagua siku ambayo utakuwa na nafasi ya kuja kwangu. Lakini iwe wakati wa mbaazi, na isiwe siku ya soko."

"Susu, tarehe inabaki pale pale lakini siku ya wiki inahama. Mwaka huu ikiwa Jumamosi, mwaka ujao ni Jumapili."

"Inahama yenyewe?"

"Yenyewe."

"Hiyo tarehe haina akili," akasema Susu, na Mama, aliyekuwa jikoni, akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Tulikubaliana Julai kumi na saba, baada ya mimi kupekua kalenda ya ukutani na Susu kukataa tarehe kadhaa kwa sababu zake. Moja aliikataa kwa kuwa ilikuwa siku ya jirani yake kufuma vikapu. Nikaiingiza chuoni siku ya kwanza ya muhula: kumi na saba, saba. Wiki hiyo hiyo nikarekebisha na ile hesabu ya Desemba, nikaiambia programu kwamba wiki ikivuka mwaka mpya ichukue walio baada ya mwanzo au walio kabla ya mwisho, mmoja wapo anatosha. Neno "na" likawa "au". Kazi yote ilikuwa hiyo.

Mwaka ule wa 2004 Februari ilikuwa na siku ishirini na tisa, na siku hiyo iliangukia Jumapili. Sikuwa nimeipanga mimi, lakini mama wa mapazia alinishukuru kama niliyeipanga. Alikuja kanisani na nguo ya kijani iliyometameta, ambayo nadhani zamani iliwahi kuwa pazia la ukumbi mkubwa, na wanawe wote wakiwa nyuma yake. Mama aliposoma jina lake hakungoja lifike mwisho.

"Leo mnipigie makofi ya miaka minne!" akasema.

Tukapiga. Mzee mmoja wa kanisa, mcheshi, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba sasa mama huyu hawezi kutuficha mwaka wake. Siku hiyo huja mara moja kwa miaka minne, kwa hiyo ni kuchagua tu kati ya miaka michache.

"Wewe chagua," mama wa mapazia akamjibu bila kuacha kucheza. "Ukiupata kaa nao kwako."

Baada ya ibada alinishika mkono akanipeleka mpaka penye gari la mwanawe, akafungua mlango wa nyuma. Kulikuwa na keki kubwa ya kuoka kwa makaa, imeungua kidogo upande mmoja. Akakata kipande cha upande usioungua akanipa mimi kabla ya wanawe. Nilikula nikiwa nimesimama hapo mbele ya watu, sukari ikinidondokea kwenye blauzi. Sijui kama nimewahi kulipwa kwa programu nikafurahi hivyo. Nimefanya kazi Mavoko baadaye, ofisi zenye viyoyozi, na watu wameniambia asante kwa barua pepe. Hakuna aliyewahi kunikatia keki upande usioungua.

Julai kumi na saba ilikuwa Jumamosi. Nilifika Ndithini asubuhi na sukari, majani ya chai na mkate, nikidhani nitamkuta Susu peke yake. Nilikuta uwanja umejaa. Alikuwa ameambia kila mtu kwamba mjukuu wake amempa siku, na akina nyanya wa jirani walikuwa wamekuja na vigoda vyao kuiona siku yenyewe. Muthokoi ulikuwa unachemka kwenye sufuria kubwa la shughuli, mahindi yaliyokobolewa pamoja na mbaazi mbichi, na mvua mwaka ule haikuwa nzuri lakini mbaazi zilikuwepo. Susu alikuwa amezitenga za kwanza, akakataza mtu kuzionja hadi nije.

Tulikula, tukaimba, Susu akaombewa na mwenzake mmoja aliyeomba kwa urefu hadi vyakula vikapoa tukaongezewa vingine. Kisha nyanya mmoja mwembamba, jirani wa shamba la chini, akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Na mimi unaweza kunipa?" akaniuliza. "Yangu pia ni ya karani."

"Nakupa, Susu. Unataka ya wakati gani?"

Akaangalia sufuria, akaangalia uwanja, akamwangalia Susu wangu aliyekuwa anacheka na wengine.

"Nipe kama ya huyu. Hii hii ya leo. Tutakuwa tunapika mara moja."

Susu alisikia. Akaweka sahani yake chini, akafuta mikono kwenye leso.

"Hapana," akasema. "Mtoto, mpe ya Agosti. Agosti naenda kula kwake."

Wote wakaona hilo ni jambo la maana. Yule jirani naye akakubali, ila akasema isiwe mwanzo wa mwezi, mwanzo wa mwezi huwa ana mambo mengi. Basi tukasogeza vigoda tukakaa kuitafuta.